Damu ya Baba wa Mtoto

"Hiyo damu ikitoka hapa inaenda wapi?"

Aliyeuliza alikuwa mwanamke aliyesimama mlangoni mwa ukumbi wa kituo cha afya, mguu mmoja ndani na mwingine nje, kama mtu aliyejiandaa kukimbia. Nilikuwa nimezungumza karibu saa nzima. Nilieleza kwa Kiswahili, nikarudia kwa Kinyaturu, kwamba tunataka kuzijua familia za upande huu wa Sepuka zenye ugonjwa wa selimundu, ule unaofanya chembe za damu zijikunje kama mundu na kuziba njia, mtoto akalia kwa maumivu ya mifupa na macho yake yakawa ya manjano. Watu walikuwa wameitikia vizuri. Kumbe walikuwa na swali hilo moja tu.

"Inaenda maabara mjini," nikasema. "Inapimwa, halafu majibu yanarudi kwenu."

"Na inayobaki?"

"Inateketezwa."

"Nani anaiona ikiteketezwa?"

Watu wakacheka, lakini si cheko la kufurahi. Nilijua wanachofikiria. Nyumbani kwetu ni mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka pale. Tulipokuwa watoto, gari geni likipita tulikimbilia kwenye mtama, kwa sababu tuliambiwa mumiani wanatafuta damu. Sasa mimi ndiye niliyeshuka kwenye gari geni, na masanduku ya barafu, na sindano.

Baba yangu mwenyewe hakuwahi kuridhika na kazi yangu. Nilipomaliza masomo ya udaktari alichinja mbuzi. Nilipomwambia narudi chuoni kusomea magonjwa ya damu, aliniuliza: "Mwili mzima huo, wewe umechagua damu?" Tangu siku hiyo majirani wakimuuliza, alisema binti yake ni daktari wa watoto. Hata baadaye, nilipokuwa profesa, sijui kama aliwahi kumwambia mtu ukweli.

Mimi niliipenda kazi hii kwa sababu ni kazi ya mtu mwenye shaka. Mgonjwa anasema amechoka tu, wewe unashuku. Chini ya darubini unaona chembe moja yenye umbo la ajabu, unashuku. Majibu yakija mazuri kupita kiasi, unaishuku mashine. Niliwafundisha wanafunzi wangu hivyo kwa miaka: liamini jibu pale tu ulipojaribu kulikataa ukashindwa. Niliona fahari kulisema. Sikujua kwamba mtu anaweza kuwa na shaka tele na bado akaielekeza kwa mtu asiyestahili.

Siku ile ukumbini niliacha maneno nikaomba punje za alizeti. Nikachagua nyeusi tupu, ziwe za ugonjwa, na zile zenye michirizi myeupe, ziwe za uzima. Nikawaambia kila mzazi anabeba punje mbili, na kila mtoto anapewa moja na baba na moja na mama. Mwenye nyeusi moja haumwi, hata hajui kama anayo. Lakini baba mwenye nyeusi moja akikutana na mama mwenye nyeusi moja, mtoto anaweza kupata zote mbili, na huyo ndiye anayeumwa.

"Kwa hiyo mtoto akiumwa, baba na mama wote wanayo," alisema bibi mmoja mstari wa mbele. Alikuwa mwalimu mstaafu, na alikuwa akiandika kwenye daftari.

"Wote wawili, bibi. Ndiyo maana asilaumiwe mama peke yake."

Nilijipongeza kwa jibu hilo. Kwetu mtoto akiumwa hivi huwa anatafutwa mwanamke wa kulaumiwa, na nilidhani siku ile nimewapunguzia wanawake mzigo.

Walijitokeza zaidi ya nilivyotarajia, nusu kwa hofu, nusu kwa kutaka kujua. Mtaalamu wangu wa maabara, kijana mkimya aliyefanya kazi nami kwa miaka kadhaa, alikaa nyuma ya meza na kitabu chake cha kumbukumbu. Kila aliyekuja alitaja jina, akasaini au kuweka dole gumba, akachomwa. Tuliahidi pia kumpa kila mtu kundi lake la damu kwenye kadi, kwa sababu watu walipenda sana kulijua. Mwalimu mstaafu alileta familia yake: mkwewe, mwanamke mwembamba kutoka Shelui, na mtoto wa kike wa miaka mitatu aliyekuwa na macho ya manjano. Mwanawe, baba wa mtoto, alikuwa shambani, wakasema atakuja mchana. Mchana jina lake likaandikwa kitabuni, na chupa yake ikawekwa pamoja na nyingine.

Majibu yalipotoka nilikuwa chuoni. Niliyapitia peke yangu ofisini. Mtoto wa macho ya manjano alikuwa na selimundu, kama nilivyodhani. Mama yake alikuwa na punje moja nyeusi. Baba hakuwa nayo kabisa.

Nilikaa nikaitazama mistari ile mitatu. Zipo njia chache za kitaalamu zinazoweza kuleta jambo kama hilo, nazo nazifundisha kila mwaka, lakini ni adimu. Njia ya kawaida kila mtu anaijua. Nikamkumbuka yule mama, jinsi alivyoinamisha uso wakati mtoto akichomwa, na nikasema moyoni: kumbe ndiyo maana. Sikumshuku mwingine. Sikuishuku mashine, wala kitabu, wala mimi mwenyewe. Nililifunga faili nikijiambia kwamba ni siri ya mgonjwa na haitatoka kwangu.

Ilitoka kwangu hata hivyo. Kadi, zenye majibu na kundi la damu, tulizituma kwa kaya, bahasha moja kila nyumba, ili kurahisisha kazi. Bahasha ya nyumba ile aliifungua mwalimu mstaafu. Akachukua daftari lake la siku ile, akazipanga kadi tatu mezani, akafanya hesabu ya punje kama nilivyomfundisha.

Miezi miwili baadaye nilikuwa kwenye kliniki ya selimundu ninayoifanya Singida mjini kila ninapokuja. Yule mama mwembamba akaingia na mtoto mgongoni. Alisubiri mpaka muuguzi atoke.

"Shikamoo, daktari."

"Marahaba. Mtoto anaendeleaje?"

"Daktari, naomba mpime tena."

"Mtoto tumeshampima. Tunachotakiwa sasa ni kumwanzishia dawa."

"Si mtoto. Baba yake." Alikaa bila kuambiwa. "Nimefukuzwa. Mama mkwe alinionyesha kadi mbele ya wajomba na mashangazi, akaniuliza punje nyeusi ya pili imetoka kwa nani. Sikuwa na jibu. Sasa niko kwa mama yangu Shelui, napika pale malori yanapolala."

"Na mumeo alisema nini?"

"Hakusema kitu. Aliangalia chini."

Nakumbuka vizuri nilichofanya. Nilivuta karatasi nikaanza kuandika dawa ya mtoto, ili nisimtazame. Nikamwambia kwa sauti ile ya kidaktari kwamba mambo ya nyumbani ni magumu, kwamba vipimo vyetu ni vya kuaminika, na kwamba kama kuna jambo anataka kuniambia, litabaki kati yetu.

Alinielewa mara moja.

"Sina jambo la kukuambia," akasema. "Nina karatasi."

Akatoa kwenye mkoba karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa ya hospitali aliyolazwa mumewe alipoanguka na pikipiki na kupasuliwa mguu. Yeye ndiye aliyemuuguza, na karatasi zote alizitunza yeye. Akaweka kidole mahali palipoandikwa kundi la damu: O. Halafu akaweka kando yake kadi yetu, yenye jina lile lile, umri ule ule, na kijiji kile kile. Kundi la damu: B.

"Nimeisoma kadi hiyo kila siku tangu nifukuzwe," akasema. "Mimi sijasoma sana. Lakini damu ya mtu si ile ile?"

Nilizisoma karatasi zote mbili, nikazigeuza nyuma, nikazisoma tena. Kundi la damu halibadiliki kwa mtu mzima anayelima alizeti. Mwanafunzi wa mwaka wa pili angeshuku palepale, na mimi kadi ile nilikuwa nimeisaini.

Ungedhani baada ya hapo ningekuwa mwangalifu. Badala yake nilihamishia shaka yangu kwa mwingine. Nilimpigia simu mtaalamu wa maabara, aje na kitabu chake. Alipofika, kabla hata hajakaa, nikamwambia: "Umechanganya chupa. Umevunja nyumba ya watu."

Akafungua kitabu mezani, akapitisha kidole mpaka kwenye jina lile.

"Profesa, siku ile nilibandika jina kwenye chupa kabla ya kutoa sindano mkononi. Kila mtu hivyo hivyo. Mama, njoo uangalie. Hii sahihi ni ya mumeo?"

Yule mama akainama. "Jina ni lake. Mwandiko siujui."

"Mumeo anaandikia mkono gani?"

"Wa kulia."

Kijana akanionyesha safu ya mwisho, ile ambayo sikuwahi kuisoma. Alikuwa na tabia ya kumchoma mtu kwenye mkono asioutumia, ili asirudi shambani na maumivu, na kila mara aliandika mkono aliochoma. Karibu ukurasa mzima ulisema kushoto. Kwenye jina lile ilisema kulia.

"Namkumbuka," akasema. "Nilimwomba wa kushoto, akasema hapana, huo ndio anaoandikia. Profesa, aliyekuja si mume wa mama huyu. Ni mtu mwingine aliyetaja jina lake."

Alisema kwa upole, na upole wake uliniumiza kuliko kama angenifokea. Nilimwomba radhi palepale mbele ya mama yule. Akasema hakuna shida. Lakini aliendelea kukiangalia kitabu, si mimi, na nikajua kwamba shida ipo.

Kesho yake asubuhi tulikwenda Sepuka, mimi na yeye, bila kutoa taarifa. Tulimkuta baba wa mtoto akipura alizeti kwenye turubai nyuma ya nyumba. Alipoliona gari alisimama na fimbo mkononi. Mtaalamu wangu alimtazama mara moja tu, akaninong'oneza: "Huyu sijawahi kumwona."

Baada ya salamu nilimwonyesha kadi.

"Baba, damu hii si yako."

Akaitazama kadi. Nyuki walikuwa wakizunguka vichwa vya alizeti vilivyolundikwa. Nilisubiri, kwa sababu hilo nalo ni sehemu ya kazi.

"Ni ya rafiki yangu," akasema hatimaye. "Fundi baiskeli. Nilimwomba anisaidie."

"Kwa nini?"

"Niliogopa. Babu yangu alituambia walivyokuja watu zamani, wakachukua damu, na waliochukuliwa hawakuishi. Na waliokuwa ukumbini waliniambia hukusema vizuri inaenda wapi. Uliulizwa, ukajibu haraka haraka. Nikasema, huyu ametoka kwetu, lakini sasa ni mtu wa huko."

Nikauliza nililojia.

"Lakini ulijua damu si yako. Mama yako anamfukuza mkeo kwa kadi hiyo, wewe umekaa unaangalia chini. Kwa nini hukusema?"

Aliketi kwenye ukingo wa turubai. Alikuwa mtu mkubwa, na mikono yake ilikuwa myeusi kwa kazi. Alizungumza polepole, na nusu ya maneno aliyasema kwa Kinyaturu.

"Mwanzo niliona aibu kusema nimetuma mtu. Nikasema nitasema kesho. Halafu usiku nikaanza kuwaza. Pale Shelui malori hayaishi, na yeye kila mwaka huenda kumsaidia mama yake. Nikawaza, je, nikipimwa mimi mwenyewe, na jibu likawa lile lile? Nikaona afadhali nisijue."

Nilimsikiliza nikajisikia kama ninayevuliwa nguo. Mtu huyu alikuwa na ushahidi mkononi, alijua kwa hakika kwamba jibu lile ni la uongo, na bado shaka ilipoingia aliipa kiti. Mimi je? Mimi nilikuwa na cheo, na mashine, na miaka yote ile ya kufundisha, na nilifanya vilevile kwa muda mfupi zaidi.

"Leo utapimwa?" nikamuuliza.

Alimtazama kijana wa maabara. "Nataka kuona inapokwenda."

"Njoo nayo," kijana akasema. "Utakaa mbele na chupa yako."

Na ndivyo ilivyokuwa. Alisafiri nasi mpaka mjini na chupa ya damu yake mwenyewe ndani ya ngumi, hakutaka kuiweka kwenye sanduku. Maabara tulimpa koti jeupe lililombana mabegani. Aliona ikiwekwa kwenye mashine. Tulipomwonyesha jibu, punje moja nyeusi, kundi O, aliomba aelezwe mara mbili. Halafu akauliza kama ile iliyobaki inaweza kuteketezwa akiwa anaangalia. Tukampeleka kwenye tanuri la hospitali. Nilitamani yule mwanamke aliyeuliza mlangoni siku ile naye apate jibu lake, lakini sikujua hata jina lake wala mahali anapokaa.

Niliporudi kutoka kwenye tanuri nilitaka kwenda Shelui mwenyewe kumpa mke habari. Mume akakataa. "Hilo ni la kwangu," akasema. Lakini alitaka niwepo, kwa sababu hakuwa na uhakika kama angeaminiwa.

Tulishuka mlima Sekenke kwenda Shelui siku ya tatu yake, mimi, yeye, na mama yake, mwalimu mstaafu, aliyekaa kiti cha nyuma. Nilimhofia. Nilidhani atakataa jibu la pili kwa hoja zile zile alizotumia kulipokea la kwanza. Tulipofika penye malori, mkwewe alikuwa akigeuza chapati. Alituona, akamaliza ile iliyokuwa kwenye kikaango, akafuta mikono.

Mume akamwambia yote aliyoniambia mimi, hata habari ya malori. Nilitamani aiache sehemu hiyo, lakini hakuiacha.

Mke akasikiliza mpaka mwisho. "Hapa unasema mbele ya madereva wasionijua," akasema. "Mimi nilifukuzwa mbele ya wajomba na mashangazi. Nenda ukaseme pale."

"Nitasema," akajibu mume.

"Na mama?"

Mwalimu mstaafu alikuwa bado amesimama karibu na gari. Akasogea. "Mimi nilifanya hesabu sahihi, mwanangu," akasema. "Nilipewa namba mbaya." Halafu akatikisa kichwa. "Hapana. Ningekuuliza kwanza. Hata mwanafunzi mkorofi nilikuwa namuuliza kwanza."

Mke akanigeukia mimi.

"Na wewe, daktari. Siku ile nilipokuja kliniki, kabla sijatoa karatasi. Uliniamini?"

Lori lilikuwa likirudi nyuma karibu yetu, na kwa sekunde chache kelele yake ilinipa nafasi ya kutafuta maneno. Ningeweza kusema kwamba daktari hapaswi kuamini wala kutoamini. Niliwahi kulisema hilo darasani.

"Sikukuamini," nikasema. "Nilishakuhukumu kabla hujaingia. Nilikuhukumu ofisini kwangu siku majibu yalipotoka."

"Nilijua," akasema. "Ulikuwa unaandika huku huandiki."

Hakurudi Sepuka siku hiyo. Mume alikwenda akaitisha watu wale wale, akasimama uwanjani kwa mama yake na kusema alichofanya. Niliambiwa kwamba fundi baiskeli naye alisimama, akaonyesha mkono aliochomwa. Mke alirudi baada ya mavuno, kwa muda wake mwenyewe, na aliweka sharti kwamba kadi za nyumba hiyo atazitunza yeye. Wapo wanaosema hadi leo kwamba daktari alipewa kitu ili abadilishe jibu. Siwezi kuwazuia. Kwa maana fulani tuliwafundisha sisi wenyewe kwamba jibu la maabara linaweza kubadilika.

Siku hizi majibu tunampa kila mtu mkononi mwake, akiwa amekaa na muuguzi aliyefunzwa, na hatumtumii mtu bahasha ya nyumba nzima. Tuliongeza pia swali moja kwenye fomu: je, wewe ndiye mwenye jina hili? Wenzangu chuoni wanalicheka. Mtaalamu wangu wa maabara aliendelea nami mwaka mmoja, akahamia mkoa mwingine. Alipoaga nilimwambia tena kwamba nilimkosea. Akasema, "Profesa, ungesoma kitabu kwanza," basi, tukapeana mikono.

Mtoto anakunywa dawa yake na ameanza shule. Mama yake humleta mwenyewe kliniki, hata mvua ikinyesha. Tunapomtoa mtoto damu, huomba aione chupa, husoma jina lililobandikwa herufi kwa herufi, midomo yake ikicheza, kisha hunirudishia. Hanitazami usoni mpaka amalize. Nami huwa nasubiri.